Vibarua wa Noyelles

Noyelles-sur-Mer maana yake ni Noyelles ya kando ya bahari, lakini bahari ilishaondoka. Karne kwa karne mto Somme umebeba mchanga na tope hadi mdomoni mwake, watu nao wakajenga matuta ya kuzuia maji, na pale zilipopita mashua sasa kondoo wanakula nyasi zenye chumvi. Kijiji chenyewe ni kidogo: wakazi wapatao 700, meya wao, kanisa, kituo cha treni, na mashamba yanayoanza mara tu nyumba zinapokwisha. Kiko kaskazini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Somme, na treni ya kutoka Amiens kwenda pwani husimama hapo kidogo tu kisha ikaendelea na safari.

Watalii wengi wanaoshuka hapo hupanda treni ndogo inayozunguka ghuba kwenda Le Crotoy na Saint-Valery, wakatazame ndege wa majini. Wapenda historia huelekea Crécy, ambako si mbali, mahali ambapo mwaka 1346 wapiga upinde wa Kiingereza waliwaangusha wapanda farasi wa mfalme wa Ufaransa. Mimi nilikuwa nikisoma Amiens, na nilishuka Noyelles kwa sababu nyingine. Nilitembea kama nusu saa kwenye barabara ya mashambani hadi kitongoji kiitwacho Nolette.

Pale, pembeni mwa mashamba, kuna lango la mawe la mtindo wa Kichina. Nyuma yake yamesimama mawe meupe zaidi ya 830, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, na kila jiwe limechongwa maandishi ya Kichina. Ndiyo makaburi makubwa kuliko yote ya Wachina nchini Ufaransa. Waliolala humo walikufa kati ya mwaka 1917 na 1919, na kwao ni safari ya miezi miwili na zaidi kwa meli. Hawakuwa wanajeshi. Hawakupewa bunduki. Walikuwa vibarua.

*

Neno hili la kwetu linafaa kutazamwa kidogo. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kionyeshe kwamba amefanya kazi na anadai ujira wake. Siku zilivyokwenda, kikaratasi kikammeza mwenye kukishika, na mtu mwenyewe akaitwa kibarua. Waingereza nao waliwaita Wachina hao kwa neno ambalo sisi tumelipokea likawa kuli, neno ambalo Adam Shafi alilifanya jina la riwaya yake juu ya wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar. Kibarua au kuli, yote mawili ni majina ya kazi yaliyokaa mahali pa majina ya watu. Wachina wa Noyelles walikuwa na kibarua chao pia, ila hakikuwa cha karatasi.

Ili kuelewa walivyofika, turudi mwaka 1916. Mashariki mwa mkoa huohuo wa Somme majeshi yalikuwa yakichinjana. Siku ya kwanza tu ya vita vya Somme, tarehe 1 Julai, Waingereza 19,240 waliuawa. Jeshi linalopoteza watu kwa kiwango hicho haliwezi kuwaacha vijana wake bandarini wakishusha magunia. Kila mwenye uwezo wa kushika bunduki alihitajika mbele, na nyuma yake akahitajika mwingine wa kupakua meli, kutandaza reli, kupasua kuni, kuchimba mahandaki na kubeba makombora. Ufaransa ilikuwa imeshaanza kuajiri Wachina mwaka huohuo. Uingereza ikafuata mwishoni mwa mwaka.

China wakati huo haikuwa upande wowote katika vita. Kwa sababu hiyo waliochukuliwa waliandikwa kuwa raia wenye mkataba wa kazi. Wengi walikuwa wakulima maskini wa jimbo la Shandong, na mahali pa kuandikishia palikuwa Weihaiwei, kipande cha pwani ambacho Uingereza ilikuwa imekikodi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, kazi saa kumi kwa siku, siku saba kwa wiki. Ujira ulikuwa faranga moja kwa siku, na nyumbani familia ililipwa dola kumi za Kichina kila mwezi. Kwa mkulima ambaye mafuriko na ukame vimempokonya mavuno, fedha hizo zilikuwa na uzito. Tusiwafanye watu hawa wajinga waliodanganywa. Walipiga hesabu kama mtu yeyote anayeondoka kijijini kwenda kutafuta.

Mtu aliyekubaliwa alikaguliwa na daktari, akanyolewa, akaogeshwa, akapewa nguo. Alama za vidole vyake zikachukuliwa. Kisha akafungwa mkononi bangili ya madini yenye namba, ikagongwa ribiti ili isivuke. Maofisa Waingereza wengi hawakuweza kutamka majina ya Kichina wala kuyatofautisha, kwa hiyo namba ikawa ndiyo mtu. Mshahara uliandikwa kwenye namba. Adhabu iliandikwa kwenye namba. Fedha za mke kule Shandong zilitoka kwa namba hiyohiyo.

Kundi la kwanza la Waingereza liliondoka Weihaiwei Januari 1917 na kufika Ufaransa mwezi Aprili. Njia ilikuwa hatari. Tarehe 17 Februari mwaka huo meli ya Kifaransa iitwayo Athos, iliyobeba vibarua wa Kichina, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani katika bahari ya Mediterania, na Wachina 543 wakafa maji. Siku nne baadaye, karibu na pwani ya Uingereza, meli Mendi iligongwa na meli nyingine gizani ikazama na watu zaidi ya 600 wa kikosi cha vibarua Waafrika kutoka Afrika Kusini. Katika wiki moja bahari ilimeza zaidi ya watu 1,100 waliokuwa wakienda vitani kubeba mizigo.

Baada ya hapo Waingereza walibadilisha njia kwa wengi wao. Meli zilivuka Pasifiki hadi pwani ya magharibi ya Kanada, vibarua wakapandishwa treni, wakavuka bara zima, kisha wakapanda meli nyingine ya kuvuka Atlantiki. Zaidi ya 80,000 walipita hivyo. Kanada wakati huo ilimtoza kila Mchina aliyehamia huko kodi ya dola 500, na kwa hawa kodi ilisamehewa kwa sharti kwamba wasibaki. Treni zilikuwa na walinzi, na magazeti yalikatazwa kuandika habari zake. Watu elfu themanini walivuka nchi kubwa kama ile kwa siri, kama mzigo uliofunikwa turubai.

*

Noyelles ilichaguliwa kwa sababu ya reli. Kijiji kiko kwenye njia inayotoka Abbeville kwenda Étaples na Boulogne, bandari ambazo jeshi la Uingereza lilizitegemea, na kuna nafasi ya kutosha mashambani. Hapo ndipo palipowekwa kambi kuu ya Kikosi cha Vibarua wa Kichina. Walioshuka melini waliletwa Noyelles kwanza, wakapangwa katika makundi ya watu wapatao 500, kisha wakatawanywa mpaka Ubelgiji. Waingereza peke yao waliajiri zaidi ya 94,000, Wafaransa karibu 40,000. Kwa wengi wa hao waliokuwa chini ya Waingereza, kijiji hiki kilikuwa mlango wa kuingilia Ulaya.

Hebu fikiria wenyeji. Wanaume wa kijiji wako vitani au wameshakufa, wanawake na wazee wanalima, na nje ya dirisha inaota kambi iliyozungushiwa waya yenye watu wengi kuliko kijiji chenyewe. Watu hao walikatazwa kuingia mikahawani na kuzoeana na wenyeji. Hata hivyo walionana barabarani, wakauziana vitu vidogovidogo. Vibarua wenye ufundi walichukua maganda matupu ya makombora wakayachonga majoka na maua, yakawa vyombo vya kuwekea maua mezani. Maganda ya namna hiyo bado yanaonekana katika makumbusho na katika nyumba za watu kaskazini mwa Ufaransa.

Kazi zao zilikuwa nyingi kuliko jina kibarua linavyoonyesha. Huko Erin, katika mkoa jirani wa Pas-de-Calais, mafundi wa Kichina walitengeneza vifaru, silaha mpya kabisa wakati huo. Wengine walikuwa maseremala, wahunzi, wafua vyuma, wapishi. Mkataba ulisema hawatapelekwa penye mapigano, lakini ndege za Wajerumani zilipodondosha mabomu juu ya bandari na maghala hazikusoma mkataba. Tarehe 14 Agosti 1917 China nayo ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, na umbali kati ya vibarua na mizinga ukazidi kupungua.

Karibu na kambi kulikuwa na hospitali ya Wachina. Baadhi ya madaktari na maofisa walikuwa wamewahi kuishi China wakiwa wamisionari, hivyo waliweza kuongea na wagonjwa. Walitibu trakoma, ugonjwa wa macho uliowasumbua wengi, walitibu majeraha ya kazini na kifua kikuu. Walikuwa pia na wagonjwa wa akili. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ilipozunguka dunia iliingia kambini, ambamo watu walilala wakibanana. Waliokufa hospitalini walizikwa Nolette. Ndiyo maana makaburi haya yako hapa, mbali na mahandaki.

Vita vilisimama tarehe 11 Novemba 1918, lakini kazi haikusimama. Wanajeshi walitaka kurudi makwao, na ardhi ya kaskazini mwa Ufaransa ilikuwa imejaa waya wa miiba, makombora yasiyolipuka na maiti. Vibarua wa Kichina walibaki kuisafisha. Walifukia mahandaki, wakakusanya mabomu kwa mikono, wakazika askari wa mataifa mengine. Wengine walilipuka wakiwa katika kazi hiyo, miezi kadhaa baada ya dunia kusherehekea amani.

*

Katika habari hizi zote ambazo watu wamegeuzwa namba, yuko mmoja aliyefanya kazi ya kinyume chake. Yan Yangchu, anayejulikana pia kwa jina la James Yen, alikuwa kijana wa Sichuan aliyemaliza masomo Yale mwaka 1918. Alikuja Boulogne kupitia chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, kuwahudumia vibarua. Jioni walimjia wakimwomba awaandikie barua za nyumbani, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Kila siku barua ziliongezeka, mkono wake haukutosha. Akaona heri awafundishe waandike wenyewe.

Alichagua herufi za Kichina zinazotumika zaidi, zipatazo elfu moja, akafundisha usiku baada ya kazi. Mwaka 1919 alianzisha gazeti dogo la vibarua. Baadaye alisimulia kwamba siku moja alipokea barua ya kibarua aliyesema kuwa tangu gazeti litoke ameanza kuyajua mambo ya dunia, lakini bei yake ni ndogo mno na anahofia litakufa, kwa hiyo anatuma faranga 365 alizozidunduliza kwa miaka mitatu. Faranga moja kwa siku ndiyo ilikuwa ujira. Mtu huyo alitoa mwaka mzima wa maisha yake ili gazeti lisife. Yen alirudi China akaanzisha harakati za elimu kwa umma, na alikuwa akisema kwamba alichokijua juu ya wakulima alifundishwa na vibarua wa Ufaransa.

Huko Paris, mwaka huohuo wa 1919, wakubwa waliketi kugawa amani. China ilipeleka wajumbe wake ikiwa upande wa washindi. Ombi lao kubwa lilikuwa kurudishiwa maeneo ya Shandong yaliyokuwa mikononi mwa Wajerumani kabla ya vita. Mkataba wa Versailles uliyakabidhi kwa Japani. Shandong ni nyumbani kwa wengi wa vibarua wale, na habari zilipofika Beijing, wanafunzi waliingia mitaani tarehe 4 Mei, siku ambayo bado inatajwa kuwa mwanzo wa siasa mpya za China. Watu waliokuwa bado wanaokota mabomu Ufaransa walisikia kwamba udongo wa kwao umetolewa zawadi.

Medali nazo ziligawiwa. Wanajeshi wa Uingereza walipata medali ya vita ya fedha, yenye jina la mwenyewe pembeni. Vibarua wa Kichina walipata ya shaba, na pembeni yake palichongwa namba. Paris kulikuwa na mchoro mkubwa mno uliokusudiwa kuonyesha mataifa yote yaliyosaidia ushindi. Wachina walikuwamo. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 nafasi ikahitajika, na Wachina wakapakwa rangi juu yao. Wengi wa vibarua walirudishwa kwao kufikia mwaka 1920. Kama 3,000 hivi walibaki Ufaransa, hasa wale walioajiriwa na Wafaransa, na kutoka kwao ikaanza jamii ya Wachina wa nchi hiyo.

*

Sasa turudi kwenye mawe, kwa maana hapa ndipo penye jambo lililonipeleka.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa mpya kwa zama zile: wafu wote ni sawa, awe jenerali au askari wa kawaida, wa dini yoyote na rangi yoyote. Tajiri hakuruhusiwa kumjengea mwanawe kaburi kubwa. Jiwe la ukubwa mmoja kwa kila mmoja, na juu yake jina.

Noyelles unaiona kanuni hiyo ikifanya kazi. Jiwe la kibarua ni la kimo kilekile na weupe uleule wa jiwe la ofisa katika makaburi mengine ya Somme. Lina jina lake kwa maandishi ya Kichina, mahali alikotoka, tarehe aliyofariki, na usemi mmoja kati ya michache iliyochaguliwa kwa ajili ya wote, juu ya uaminifu hadi kufa, au juu ya sifa njema isiyopotea. Namba ya bangili nayo ipo, kwa tarakimu za Kizungu. Mtu aliyeishi Ufaransa akiwa namba amerudishiwa jina alipokufa. Tunaweza kukasirika kwamba jina lilingoja kifo. Hata hivyo jina lipo, na mjukuu wa Shandong anaweza kuja akaweka kidole juu yake.

Kanuni hiyohiyo, ya tume hiyohiyo, ilipofika Afrika Mashariki ilibadilika. Vita vile vilipiganwa pia kwetu, kati ya Waingereza na Wajerumani, katika nchi isiyo na barabara na yenye mbung'o walioua farasi na ng'ombe. Kila kitu kilibebwa na binadamu. Wapagazi walioandikishwa na kulazimishwa walifika karibu milioni moja, na makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanya jina hilo Kariakoo, na pale Dar es Salaam palipokuwa kambi yao sasa ni soko. Nairobi wanasema Kariokor.

Hawa hawakupata mawe. Baada ya vita iliamuliwa kwamba kwa wapagazi na askari wengi Waafrika inatosha kuweka kumbukumbu ya jumla. Ndivyo zilivyopatikana sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, Sanamu ya Askari tunayopita kila siku, ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Kwenye sanamu hiyo hakuna jina hata moja.

Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Huko Ulaya ahadi ya usawa ilitekelezwa. Nje ya Ulaya watawala waliamua kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe.

Hapo ndipo Noyelles inapotuambia kitu. Kibarua wa Shandong na mpagazi wa Afrika Mashariki walikuwa karibu sawa machoni pa jeshi: wote wasiobeba bunduki, wote wa ujira mdogo, wote wakilindwa wasitoroke. Mmoja alifia penye macho ya Ulaya, kwenye kijiji chenye reli na meya, ambako wapita njia wangeliona kaburi lake. Mwingine alifia kwenye njia ya Rufiji. Tofauti ya jina na kutokuwa na jina haikutoka kwa marehemu wala kwa alichokifanya. Ilitoka ofisini, kwa watu walioamua nani atatazamwa.

Upande wa bibi yangu ni Wagogo wa Dodoma. Wazee wa huko wanaitaja njaa iitwayo Mtunya, iliyoanza mwaka 1917, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua wanaume, ng'ombe na nafaka, kisha mvua nazo zikakosa. Katika simulizi za ukoo yumo mwanamume aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Bibi alimtaja kila alipohesabu watoto wa boma lile, bila kumruka, kama vile angeweza kuingia wakati wowote akauliza chakula. Jina lake tunalo. Alikolala hatukujui.

*

Kila mwaka mwezi Aprili, wakati wa Qingming, siku ambayo Wachina husafisha makaburi ya wazee wao, watu hukusanyika Nolette. Huja maofisa wa ubalozi wa China, Wachina waishio Paris, na viongozi wa kijiji. Wanawasha ubani, wanaweka maua, wanasoma hotuba. Mwaka mzima uliobaki, kijiji cha watu 700 kinaishi na wageni wake zaidi ya 830 bila makelele. Watunzaji wa tume wanakata nyasi, na matrekta yanapita kando ya ukuta yakienda kulima. Jina ambalo halina wa kulisafishia jiwe huota ukungu kama jiwe lolote, na Noyelles haijayaacha yaote.

Kazi ya kuyatafuta majina ya upande wetu imeanza kwa kuchelewa. Januari 2025 tume ilizindua Cape Town ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliofia Afrika katika vita vile wakiwa wafanyakazi wa jeshi. Ni nguzo za mbao, kila moja na jina, zaidi ya 1,700. Kwa Kenya na Tanzania wanapekua nyaraka za zamani. Na nyaraka zilikuwapo, maana mpagazi aliandikishwa ili alipwe, na mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, ikabaki kwenye hesabu za serikali. Aliyeandikwa kwa ajili ya posho angeweza kuandikwa kwa ajili ya kaburi.

Lakini karatasi haziwezi kujua yote. Mengine yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Kama kwenu yuko mtu anayetajwa kwamba alikwenda na Kariakoo asirudi, keti na anayemtaja. Muulize jina la mtu huyo, la baba yake, kijiji alikotolewa, na mwaka kwa kukisia, hata kama ni kusema tu kabla ya njaa au baada yake. Andika. Jina, mahali alikotoka na tarehe: mawe ya Nolette yamebeba hayo, na machache zaidi.